Televisheni ya mjini kwetu Dodoma: macho inayo, kumbukumbu haina

Nimekuwa mteja wa kituo hiki cha televisheni tangu mwaka 2009, nilipohamia Chang'ombe nikiwa bado ninafundisha, na katika muda huo nimekitumia kwa karibu kila njia ambayo mkazi wa kawaida wa Dodoma anaweza kukitumia: nimelipia waya wake mwezi kwa mwezi, nimepeleka matangazo ya msiba, nimetangaza duka la mke wangu la sare za shule, nimehojiwa mara moja kuhusu matokeo ya kidato cha nne, na mwaka jana nilikwenda kuomba nakala ya kipindi cha zamani. Safari hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika tathmini hii. Jina la kituo nimeliacha makusudi, kwa kuwa nitasema mazuri na mabaya, na sipendi mabaya ya watu ninaosalimiana nao sokoni yaanikwe kwa jina.

Nianze na huduma yenyewe. Hii ni kampuni ya kebo yenye chaneli yake ya nyumbani. Juu ya paa la jengo lao yamepangwa madishi yanayopokea mawimbi ya satelaiti. Chini yake kuna chumba chenye kiyoyozi ambamo kila chaneli ina kipokezi chake. Na kutoka humo waya mweusi huvuka barabara, ukapita juu ya mabati ya maduka na kuingia mitaani kwa kufuata nguzo. Picha ikisafiri ndani ya waya hupungua nguvu, na kwa hiyo kila baada ya umbali fulani hufungwa kikuza mawimbi cha kuipandisha tena. Vikuza mawimbi hivyo hutumia umeme wa mtaa vilikofungwa, wala si umeme wa studio wenye jenereta. Ndiyo sababu mteja wa Chang'ombe ambaye taa zake zinawaka anaweza kukaa mbele ya kioo cheusi kwa kuwa umeme umekatika mtaa wa tatu, na ndiyo sababu kumpigia fundi simu na kumwambia "mbona kwangu umeme upo" hakusaidii kitu. Ilinichukua miaka miwili kulielewa jambo hili, na hakuna aliyenieleza isipokuwa fundi mmoja aliyekuwa juu ya ngazi nyumbani kwangu, akimenya ganda la waya kwa meno huku koleo likining'inia kiunoni.

Mafundi wao ni wepesi. Ukipiga simu asubuhi, mara nyingi mtu hufika kabla ya jua kuzama, na hakumbuki kukuomba hela ya soda mpaka awe ameirudisha picha. Malipo ndiyo yana kero. Ada ninayolipa ni shilingi 15,000 kwa mwezi, ninailipa kwa simu, na bado nimekatiwa mara tatu ilhali nimeshalipa, kwa sababu ujumbe wa malipo unapokelewa na simu moja iliyo mkononi mwa mhasibu, na mhasibu akienda kijijini simu huenda naye. Kila mara niliombwa radhi kwa heshima, na kila mara nilirudishiwa huduma bila kufidiwa siku nilizozikosa. Picha ya chaneli za kitaifa ni nzuri. Ya chaneli yao wenyewe, kwa ajabu, ndiyo hafifu kuliko zote.

Lakini hakuna anayelipia waya huu kwa ajili ya chaneli za kitaifa pekee, kwani hizo ving'amuzi vingi vinazo. Watu wanalipia habari za mjini kwetu, ile saa moja ya jioni. Na ili kukitendea haki kituo kidogo kama hiki ni lazima kukumbuka jinsi televisheni ilivyochelewa kufika huku. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo huku Bara serikali iliiona televisheni kuwa anasa inayoweza kusubiri na ikaelekeza nguvu kwenye redio. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi. Mwaka uliofuata ITV ya hayati Reginald Mengi ikaanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam, na televisheni ya serikali, TvT, ambayo leo tunaijua kwa jina la TBC, ikaja miaka kadhaa baadaye. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa umepitishwa mwaka 1973. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini mji wetu ulikuwa makao makuu ya nchi isiyokuwa hata na kituo kimoja cha televisheni upande wa Bara, na hata vituo vilipopatikana, vyote vilikuwa vikiitazama Dodoma kutoka pwani.

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara hizi. Meneja aliwahi kunisimulia kwamba mwanzilishi wao alianza na banda la video, lile la mabenchi na pazia jeusi mlangoni. Akapandisha dishi ili apate mpira wa Ulaya. Majirani wakaomba awavutie waya. Na siku moja akagundua kwamba wenye waya walikuwa wengi kuliko wanaokuja bandani. Katika miji mingine ya mikoani, halmashauri na wafanyabiashara walianzisha vituo vidogo kwa mtindo unaokaribiana na huo: kudaka matangazo ya Dar es Salaam kwa dishi, kuyarusha upya kwa mtambo wa nguvu ndogo, na katikati yake kuchomeka habari za mjini kwao. Sehemu iliyochomekwa ndiyo iliyopendwa.

Kisha ikaja dijitali. Mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma zamu yetu ilifika mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2013, sambamba na Tanga. Wengi tunakumbuka foleni za ving'amuzi na babu zetu waliogoma kuamini kwamba luninga nzima isiyo na kasoro inaweza kuacha kuonyesha picha kwa amri. Lakini badiliko kubwa zaidi halikuonekana sebuleni. Kabla ya hapo kituo kilimiliki mtambo wake na kujirushia chenyewe. Baada ya hapo kazi ya kurusha ikawa ya kampuni chache zilizopewa leseni ya kubeba chaneli nyingi kwa pamoja, na mwenye kituo akabaki na kazi ya kutengeneza vipindi na kulipia kubebwa. Kwa kituo cha kitaifa chenye matangazo ya mabenki na mitandao ya simu, hiyo ni gharama kati ya gharama nyingine. Kwa kituo ambacho mdhamini wake mkubwa ni muuza magodoro, ni suala la kufa au kupona. Hawa wa kwetu waliponea kwenye waya, kwa kuwa waya haukuhitaji mnara. Na mwezi Agosti 2018, ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia vilipoondolewa chaneli za nyumbani zinazopaswa kutazamwa bure, nyumba nne za mtaani kwetu zilizokuwa zimeukata waya ziliurudisha ndani ya wiki moja.

Sasa kuhusu hiyo saa moja ya jioni. Taarifa yao ya habari huanza saa moja kamili ili isigongane na ile ya saa mbili ya vituo vikubwa, na huchukua nusu saa. Wafanyakazi wa habari hawazidi saba. Mpigapicha ndiye dereva, mhariri ndiye anayesoma habari Jumamosi na Jumapili, na pazia la nyuma ya msomaji lina picha ya Nyerere Square iliyochapishwa kwa turubai ambalo kiyoyozi kikiwashwa hupunga kidogo, hata mtu ukaona sanamu inatikisika. Hayo ni ya kuchekesha, nayo hayanisumbui. Ninachokithamini ni kwamba mwandishi wao anapokuwa soko la Majengo anakwenda hadi kwa mama mwenye tenga, akauliza bei ya nyanya ya leo na ya jana, akaelekeza kamera kwenye tope ambalo mama huyo amelikanyaga tangu alfajiri, kisha akamtafuta anayehusika na mtaro ulioziba. Habari za namna hiyo hazina nafasi katika taarifa ya nchi nzima, na hazipaswi kuwa nayo. Lakini ndizo zinazomhusu mtu anayelala hapa: mgao wa maji umefikia eneo gani, viwanja vya wapi vina mgogoro wa hati, zabibu za Makutupora zimeanza kununuliwa kwa bei gani, daladala za Nzuguni zimehamishiwa stendi ipi, baraza la madiwani limebishania nini.

Tena wanayajua majina. Dodoma ina kata iitwayo Ng'hong'onha, upande wa Chuo Kikuu, na nimewasikia watangazaji wenye sauti za dhahabu kutoka Dar es Salaam wakiliendea jina hilo kama mtu anayeendea mbwa asiyemfahamu. Huyu dada wa kwetu hulitamka bila kupunguza mwendo. Akiwasalimu watazamaji kwa Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa, "mbukwenyi", mwanzoni mwa kipindi cha Jumapili cha ngoma, bibi wa jirani yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu, humwitikia kwa sauti kana kwamba ameingia ndani. Kanuni za nchi zinavitaka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza, na kwa hiyo Kigogo huishia hapo kwenye salamu na kwenye nyimbo. Ni haba, lakini haba hiyo watu wanaipenda.

Matangazo ya msiba yanastahili aya yake. Ukifiwa, unakwenda na picha ya marehemu na karatasi yenye majina. Binti wa mapokezi anakuuliza taratibu wapi mazishi, saa ngapi, na ndugu gani wapewe taarifa kwanza, akikukumbusha wale ambao kwa huzuni umewasahau. Tangazo husomwa kabla na baada ya habari. Nilipofiwa na shangazi, watu wa Kibaigwa na wa Mpwapwa walifika kwa wakati kwa sababu ndugu zao wa mjini waliliona tangazo na kupiga simu. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwapo, ndiyo, lakini wazee hawamo, na hata waliomo walikuwa wamelinyamazisha. Hapa huduma yao haina mpinzani, na kama ningekuwa ninatoa alama ningewapa zote.

Kuhusu Bunge, jambo linaloifanya Dodoma ionekane kwenye luninga za nchi nzima, kituo hiki kina busara ya kujua nafasi yake. Kila Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la bajeti, mji hujaa: bei za nyumba za wageni hupanda, na magari ya matangazo ya vituo vikubwa huegeshwa kwa safu. Julai yanaondoka, na Dodoma ya kwenye televisheni inaondoka nayo, kana kwamba sisi tunakunjwa na kuhifadhiwa stoo hadi mwakani. Januari 2016, serikali ilipotangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja kwa sababu za gharama, sisi tunaoishi karibu na ukumbi tukawa tunaletewa usiku vipande vilivyorekodiwa, sawasawa na mtu wa Kigoma. Kituo chetu hakikujaribu kujifanya kina mitambo ya kuziba pengo hilo. Kilichofanya ni kuwapelekea waendesha bodaboda na wauza mitumba wa Sabasaba zile hoja za bajeti, moja baada ya nyingine, na kuwauliza kodi hii ikipita wao itawafikia vipi. Kwa maoni yangu, baadhi ya majibu yale yalikuwa na maana kuliko michango niliyoitazama usiku.

Kasoro zake ni nyingi, na nyingine hazina udhuru wa umaskini. Ukiondoa hiyo saa moja na vipindi viwili vya mwisho wa wiki, muda uliobaki hujazwa na filamu za nje zilizotafsiriwa na wale ma-DJ wanaozungumza juu ya sauti za waigizaji, ambazo sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuzilipia haki, na video za muziki zinazorudiwa mpaka watoto wamezikariri kwa mpangilio. Sauti haina kiwango: habari husomwa kwa mnong'ono, kisha tangazo la duka la simu likapasuka na kumwamsha mtoto. Baya zaidi ni mahojiano ya kulipiwa yanayovishwa nguo za habari. Mganga wa tiba asilia hukaa kiti kilekile alichokalia mkuu wa wilaya jana yake, huulizwa maswali mepesi na mtangazaji yuleyule, na hakuna maandishi yoyote kwenye kioo yanayomwambia mtazamaji kwamba dakika hizo zimenunuliwa. Nimewahi kumuuliza mwandishi mmoja kuhusu hilo, kijana mwenye adabu aliyepita mikononi mwangu darasani. Aliniambia, "Mwalimu, mwezi huu mshahara umetoka kwa huyo mganga." Sikuwa na la kujibu, lakini jibu lake halibadilishi wajibu wa kuandika neno "tangazo" pembeni mwa kioo, ambalo haligharimu shilingi.

Vivyo hivyo kuhusu habari za semina. Anayeandaa semina ndiye anayewalipia nauli waandishi, na anayelipa nauli hupata dakika tatu za picha za watu waliokaa wakiandika. Wiki yenye semina nyingi huwa haina tope la Majengo.

Kwa anayetaka kutangaza biashara ndogo, ushauri wangu ni kwamba inafaa, mradi usikubali kurekodiwa tangazo na wao. Duka la mke wangu lilitangazwa Desemba na Januari kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza walituandalia tangazo lenye vimulimuli, nyota zinazozunguka na sauti ya mtu anayepiga kelele, na wateja walioongezeka tuliwahesabu kwa vidole. Mwaka wa pili tuliomba maandishi tu yapite chini ya kioo wakati wa habari, yakitaja shule ambazo sare zake tunazo na bei ya sketi. Tulimaliza mzigo kabla ya shule kufunguliwa, na ilitugharimu chini ya nusu. Watu wa hapa hukodoa macho kwenye maandishi yale kwa sababu ndimo hupita pia taarifa za kukatika kwa maji.

Kwa anayefikiria kulipia waya, ikiwa wewe umehamia na ofisi yako ya serikali baada ya mwaka 2016, unakaa Iyumbu au Mtumba, na ndugu zako wote wako kwingine, king'amuzi kitakutosha, na isitoshe waya wao haujafika huko. Ikiwa una mizizi hapa, lipia.

Nije sasa kwenye ile safari ya mwaka jana. Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga zeze. Hakuwa na jina nje ya vijiji vya upande wa Mvumi, na katika mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyejulikana hadi ng'ambo, hilo si jambo la kushangaza, kwani wapiga zeze wazuri wasiojulikana tunao wengi. Mwaka 2012 kipindi cha Jumapili kilikwenda kijijini kwetu wakati wa mavuno kikamrekodi, nasi tukakitazama ukoo mzima katika luninga moja, watu wakiwa wamesimama hadi mlangoni. Kaka alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, mwanawe aliniuliza kama kile kipindi kinaweza kupatikana.

Binti wa mapokezi aliponiona akainuka. "Shikamoo mwalimu. Msiba tena?"

"Marahaba, mwanangu. Leo ninamtafuta aliyekwisha kuzikwa."

Nilipelekwa kwa kijana wa uhariri, naye akanipeleka kwenye kabati lililo chini ya ngazi, karibu na jenereta. Ndani yake mlikuwa na kanda ndogo za kamera, zile za dakika 60, zimejazwa kwenye maboksi ya chumvi na ya mafuta ya kula, na juu ya kila kanda palibandikwa plasta nyeupe ya hospitali yenye maandishi ya kalamu. Tulikaa chini wawili tukazisoma. Tulipoipata ilikuwa na majina matatu: "Ngoma Mvumi" limekatwa kwa mstari, "Semina Kilimo" limekatwa kwa mstari, na la mwisho, "Harusi". Kwa maana kamera ya habari siku za Jumamosi hukodishwa harusini, na kanda mpya ilikuwa ghali, na kanda ya zamani ilikuwapo. Kaka yangu alifunikwa na wakulima, na wakulima wakafunikwa na bibi harusi.

Sikukasirika kama nilivyotarajia. Jambo hili si la kituo kidogo peke yake: BBC ya Uingereza, pamoja na fedha zake zote, ilifuta kanda za vipindi vyake vingi katika miaka ya 1960 na 1970 ili izitumie tena, na imekuwa ikivitafuta tangu hapo. Kwa upande wetu Radio Tanzania ilitunza kanda za bendi zilizorekodi katika studio zake, na ndiyo maana sauti za miaka ile bado tunazo. Kilichonisikitisha ni nilipouliza wanafanyaje siku hizi, wakati kanda hazitumiki tena na kila kitu kimo kwenye kadi na kompyuta. Kijana akaniambia kwamba kompyuta ikijaa, wanafuta cha zamani kwanza. Kilichobaki ni kile tu ambacho mtu alikipandisha YouTube, na huko wanapandisha vipande vya kuchekesha.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo niliyoifundisha maisha yangu yote. Video yenye ubora wanaotumia, ya megabiti 25 kwa sekunde, huchukua takribani gigabaiti 11 kwa saa. Habari ya nusu saa kila siku, kwa siku 365, ni kama saa 182, yaani terabaiti mbili hivi. Diski moja ya nje ya terabaiti nne, ambayo inaingia katika mfuko wa koti, ingebeba taarifa zote za habari za mwaka mzima na vipindi vya Jumapili, na nafasi ingebaki. Hao ndio watu pekee waliokuwa na kamera mtaani kila siku wakati Dodoma inageuka kutoka mji wa vumbi na kuwa jiji: wameonyesha Mtumba ikiwa pori, wameonyesha watu wakishangilia siku ya tamko la Aprili 2018 la kuifanya Dodoma kuwa jiji, wameonyesha reli ya kisasa ikifika mwaka 2024. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma akitaka kuyaona hayo leo, kituo hakina cha kumwonyesha. Na katika mji huuhuu ndipo kilipo Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Nilimpelekea meneja hesabu yangu kwa maandishi. Alishukuru, akasema diski itawekwa kwenye bajeti. Nilipopita mwezi uliofuata ilikuwa bado imo kwenye bajeti.

Kuhusu kanda ya kaka, nilitaka kuaga, kijana akaniambia nisubiri. Akaitafuta kamera ya zamani, akaunganisha nyaya, akaipeleka kanda mbele kwa kasi. Harusi ikapita yote, keki, zawadi, gari lililopambwa, kisha kioo kikawa cha buluu, kisha kikakwaruza, na kwa sababu ile semina na ile harusi hazikufika mwisho wa kanda, pale mkiani palibaki kilichorekodiwa mwanzo kabisa. Zeze lilisikika kabla ya picha kutulia. Kaka hakuonekana uso. Ulionekana mkono wake wa kushoto juu ya nyuzi, kifungo cha shati kisichofanana na vingine, na mguu wa mtoto fulani ukipiga mapigo pembeni. Kisha kanda ikakatika. Tulihesabu sekunde 41.

Kijana alinikopia kwenye flashi na hakutaka hela. Kabla ya kuirudisha kanda kabatini aliigeuza, akakisogeza kwa ukucha kile kitufe kidogo kilicho mgongoni kinachozuia kanda isirekodiwe tena, akaiweka juu ya nyingine ndani ya boksi la chumvi. Niliziangalia zile nyingine. Vitufe vyake vyote vilikuwa wazi.